Dirisha la Boma Lililoitikia

Asubuhi moja niliamka Mkomaindo, nikafunga mkoba, nikapanda gari la kwanza lenye nafasi. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la tano, rafiki yangu: naondoka kwanza, sababu nazitafuta njiani. Gari lilipanda mpaka Newala, likanishusha mbele ya boma la zamani. Kuta zina chokaa mpya, na mlangoni kuna kibao: Kituo cha Wageni.

Utotoni mwangu palikuwa ghala la ushirika. Msimu wa korosho wanawake walichambua uani, na harufu ya magunia ilitufuata mpaka kwenye ugali wa muhogo. Bibi yangu hakuchambua. Kila asubuhi alipanda kutoka bondeni na ndoo ya maji kichwani, akasimama chini ya dirisha la nondo na kusema, kwa sauti nyembamba ya kitoto ambayo sikuisikia penginepo, "Shikamoo, baba." Alisubiri kidogo, kisha akaenda zake.

Kabla ya korosho lilikuwa jela. Baba yake Bibi alifungwa humo kwa kukataa kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge. Bibi, wakati huo msichana mdogo, alimletea chakula dirishani, akamwamkia, naye akaitikia. Siku moja hakuitikia. Askari walisema amehamishwa, wapi, hawakusema.

"Bibi yako anaamkia korosho!" wenzangu walinitania.

Kisha biashara ikafanywa huria, ushirika ukayumba, mnunuzi binafsi akakodi ghala. Asubuhi moja Bibi aliamkia kama kawaida, nami nyuma yake na kidumu changu. Ndani ikatoka sauti: "Marahaba, hujambo?"

Ndoo ilianguka. Bibi hakuitazama. "Umesikia? Ni yeye. Alichukuliwa kijana, sauti haijazeeka."

Nilichungulia. Karani mpya alikaa juu ya magunia, ametupa kisogo, akiandika. Alidhani ni mtoto wa mchambuzi.

Sikumwambia Bibi nilichokiona. Njiani jirani aliuliza, "Mama Hadija, maji yako wapi?"

"Nimemwachia baba," Bibi akajibu, akacheka mpaka akakaa chini. Hakurudi tena pale dirishani. Alifariki msimu uliofuata, akiamini.

Sasa binti anayeongoza wageni alituingiza chumba kile kile cha dirisha la nondo. "Humu kuna mfungwa anaitikia salamu," alisema. "Kuna bibi alimsikia." Wageni wakaguna. Mimi nikafungua mdomo.

"Mama, una swali?"

"Alikuwa nani, huyo mfungwa?"

"Hatujui. Hakuna kilichoandikwa."

Nikamtajia jina lake. Akaliandika kwenye daftari, akauliza nimelijuaje. Nikasema mimi ni kitukuu chake.

"Kwa hiyo ni kweli, aliitikia?"

Wachambuzi hawapo uani, magunia hayapo, karani sijui alikwenda wapi. Hakuna aliyebaki wa kunisahihisha.

"Aliitikia," nikasema. "Nilikuwepo."

Nyuma ya boma wana vyumba viwili vya kulala wageni. Nilichukua kile ambacho dirisha lake linatazama barabara.