Beji Shingoni mwa Mtoto

Juzi kwenye kliniki ya Nyasubi, bibi mmoja alimpakata mjukuu aliyening'inizwa beji ya plastiki shingoni. Mwanawe, fundi mgodini, akaingia akihema.

“Mama, hicho ni kipima mionzi changu cha kazini!”

“Si kinakulinda? Nikasema kimlinde na mtoto.”

“Hakilindi, mayu. Kinaandika tu mionzi iliyoniingia. Kinga yangu ni kukaa mbali na mtambo wenye mionzi na kutokawia nikiukaribia.”

Bibi akamvua mtoto kile kipima polepole, akakishika kwa mikono miwili, akampa mwanawe.

“Basi kivae. Hirizi zote nilizokufunga, hakuna iliyowahi kuniambia kilichokupata.”

Mimi, niliyekuwa kwenye foleni nyuma yao, nilipapasa hirizi yangu kiunoni. Miaka yote hiyo, haijasema neno.