Nilibeba sukari ya maabara nimpelekee mama Kondoa, nikaishia kumnyang'anya kikombe

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Hii imenitokea mimi mwenyewe na sijaitia chumvi. Nimeikalia muda mrefu kwa aibu, leo naitua hapa.

Mimi ni msaidizi wa maabara hapa Dodoma, chuo sikitaji. Naosha vyombo, napima kemikali, nawasha mashine. Nimepanga Ipagala. Kwetu ni Kondoa, Mrangi halisi, na mama yuko kule.

Mama yangu ni mtu wa chai. Narudia, mtu wa CHAI. Alipogundulika ana kisukari daktari akamwambia sukari basi, akatii. Huu mwaka wa tatu.

Kila nikipiga simu: "Mwanangu, nyama sina hamu nayo, pilau sina hamu nalo. Hamu yangu chai tu, chai yenye chai."

Mtu kanilea peke yake, anatamani kijiko cha sukari, na mimi sina cha kumpa. Iliniuma jamani.

Sasa pale maabara kuna dada mtafiti, nimwite Happy. Anachukua juisi ya zabibu za Hombolo, zile zilizopasuka ambazo wanunuzi wanazikataa, anaipitisha kwenye kimeng'enya alichokitoa kwa bakteria. Hicho kimeng'enya kinaigeuza sukari ya tunda kuwa sukari nyingine adimu, allulose. Ni tamu, ila mwili unaipitisha tu, haikupandishii sukari kwenye damu.

Siku aliyonieleza nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa namuona mama tu.

Kuanzia hapo nikawa namsaidia hadi weekend. Akanishangaa, "We kaka, nani anakulipa overtime?" Nikacheka.

Ijumaa moja mashine ikatoa grafu, kikaonekana kilele kipya, cha ile allulose. Happy akaruka: "Imekubali!" Mimi nikalia wakuu, sitanii.

Sasa sikieni upumbavu wangu.

Kwetu ukitia maziwa kwenye kibuyu chenye mabaki ya mtindi, ukiamka yote yameshakuwa mtindi. Hakuna nusu nusu. Basi nikajua na hii sukari ni hivyo hivyo, ikikubali imekubali yote. Sikuuliza mtu. Nikajaza kichupa ile juisi iliyogeuzwa, nikakiweka kwenye begi, Jumamosi asubuhi niko kwenye basi la Kondoa.

Niliomba ruhusa? Hapana. Na najua kitu cha maabara hakiliwi, msianze kunitukana kabla sijamaliza.

Nafika nyumbani, habari imeshatangulia. "Mwanangu kaleta sukari ya wagonjwa!" Majirani wanne wako mkekani, mbele kabisa Bi Zuhura, rafiki yake wa siku zote.

Nikamwambia mama aweke kwenye kikombe chake tu. Alinikata jicho hilo!

"Ninywe peke yangu wageni wakinitazama? Umelelewa wapi wewe?"

Akamimina kichupa chote kwenye birika.

Na kwa mama yangu mwenyeji hanywi kabla ya mgeni, labda aumwe hoi. Akawapa mmoja mmoja, karibu, karibu, chukua na muhogo. Cha kwake cha mwisho. Mimi huku nimempiga picha, nimemtumia Happy: "Dada, leo mama yangu anakunywa chai."

Simu ikaita hapo hapo.

"Kaka, ameshakunywa? Usimpe! Ile haijatenganishwa! Kimeng'enya kikigeuza kidogo kinagota hapo, iliyobaki yote ni sukari ya zabibu ile ile!"

Mama ndiyo kwanza ananyanyua kikombe. Niliruka mkeka nikakidaka, chai ikaniunguza mkono.

Nikamweleza. Afadhali angenifokea. Hakunifokea, ila kikombe hakukiachia.

"Basi ngoja kwanza ninuse."

Akanusa, macho amefumba, akakaa hivyo muda. Kisha akanipa. "Kamwage kule nyuma, nisikuone."

Niliporudi Bi Zuhura alikuwa ameweka chake chini, hajafika hata nusu. Anasema ameshiba. Na wale wengine nao eti wameshiba.

Jumatatu nikaenda kukiri kwa Happy. Alinisema, akanisema tena, na alikuwa na haki. Angeweza kunifukuzisha kazi, hakufanya hivyo. Sasa tunahangaika na kuzitenganisha hizo sukari mbili. Ni kazi ya polepole, na baada ya hapo kuna vipimo vya usalama kabla mtu hajaonja.

Somo nililopata: ukimpenda mtu usimkimbizie dawa ambayo hujaielewa. Uliza, hata swali la kijinga. Lile langu lingejibiwa kwa dakika mbili.

Wenye wazazi wa kisukari humu, mnawapa nini kinachowaondolea hamu, ambacho daktari amekubali? Na wataalamu wa maabara kama mna njia rahisi ya kutenganisha, mwageni maarifa. Matusi pia yaleteni, nayastahili.

Mama siku hizi akipiga simu haanzi na salamu. Anauliza, "Zimeachana?"

Nasema, bado mama.

"Haya mwanangu. Mimi nipo."

Wakuu, naogopa kitu kimoja tu. Siku hizo sukari zikiachana, nisikose wa kumpigia.