Mishale ya Nyutrino Kwenye Ukuta wa Maabara

Ninaandika polepole, na kuchora pia polepole. Niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni kupaka maandishi kwenye maduka ya Kamunyonge na majina ya mitumbwi inayokwenda kisiwa cha Rukuba. Wateja huleta michoro iliyopinda, nasi mafundi huinyoosha bila kuwauliza. Ndivyo nilivyofundishwa.

Mwalimu mmoja wa fizikia kule Butiama alinipa ukuta wa maabara. Alitaka mchoro wa mtambo wa kutengeneza miale ya nyutrino. Nikiupatia, kuta zote za shule zingekuwa zangu. Nikikosea, angemwita fundi wa Bunda. Karatasi yake ilionyesha njia ndefu iliyofungwa, kama uwanja wa riadha. Nikasema moyoni, huyu madam hajui kuchora. Nikapiga msumari katikati, nikafunga uzi, nikamtolea duara safi. Ilinichukua siku tatu.

Alipoingia akashika kichwa. "Wewe kijana! Nani kakwambia duara?"

Nikatazama brashi.

"Si nakuuliza?"

"Nilikuwa nanyoosha, madam."

"Unanyoosha nini? Kilichonyooka umekipinda!"

Akaeleza huku akigonga ukuta. Ioni zenye mionzi, yaani atomi zilizopungukiwa elektroni, zinaongezwa kasi, kisha zinazungushwa humo, sumaku zikizipindisha kwenye kona. Zikivunjika njiani zinatoa nyutrino, chembe ndogo mno. Nyutrino haina chaji, sumaku haiishiki, inakwenda moja kwa moja kule ioni ilikokuwa ikielekea. Ndiyo maana pande mbili lazima zinyooke: nyutrino nyingi zielekee sehemu moja, kwenye kifaa cha kuzipokea. Kwenye duara langu zingetawanyika kila upande.

Nilikereka. Si angesema tangu mwanzo! Kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana swali moja tu lingetosha, ila kuuliza naonaga aibu.

Nikapaka nyeupe juu ya siku zangu tatu, nikaanza upya. Nilipofika upande wa pili, mkono ukasimama. Nikajilazimisha kuuliza.

"Madam, za upande huu si zinakwenda kinyume? Nani anazipokea?"

"Hakuna. Zinapotea."

"Nusu nzima?"

"Nusu nzima. Hata mimi inaniudhi." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Maliza hapo. Kesho uje tuangalie ukuta wa baiolojia."

Nikaitikia kwa kichwa, nikaendelea kuchora mishale ya upande ule, mmoja mmoja, yote ikielekea kusikokuwa na mtu. Kazi yote hiyo!