Mkono Wangu Kwenye Ripoti Yake

Dawati la uandishi la chuo chetu pale Doha lilikuwa na sheria moja: msaidizi hagusi kalamu. Unaweka nukta pembeni mwa mstari wenye kosa, mwanafunzi mwenyewe analitafuta. Mimi, Mkenya niliyekuwa nikisomea uzamili, niliifuata sheria hiyo mwaka mzima, hadi siku nilipokasirika.

Aliyenikasirisha ni mhadhiri wa uhandisi. Msichana mmoja kutoka Uchina, mwanafunzi wake wa mwaka wa tatu, alikuwa akija kwangu kila Jumatatu. Aliniita mwalimu, ingawa nilimwambia mara nyingi mimi ni mwanafunzi kama yeye. Siku hiyo aliniletea ripoti ya mfumo wa kupoza maji. Hesabu zote sawa, michoro safi. Juu yake mhadhiri ameandika kwa wino mwekundu: nenda kwanza ukajifunze Kiingereza. Ripoti ikianguka mara ya pili, ufadhili unakatwa, na yeye anarudishwa kwao.

Kosa lake lilikuwa vijineno: the, a, in, on, at. Kichina hakina the, na Kiswahili pia hakina. Sisi tunasema kitabu kiko mezani na hakuna anayetuuliza maswali. Shuleni kwetu nilivalishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama, nikapigwa mpaka vijineno hivyo vikaniingia. Yeye hakupigwa. Ndiyo tofauti yetu, na ilinichoma kwamba watu waliiita akili.

Nikachukua kalamu. Nilisahihisha kurasa kumi na moja bila kupumzika, chai yangu ya karaki, ile ya maziwa na iliki, ikapoa. Nikamrudishia aichape upya.

"Usimwambie mtu," nikamwambia. Viza yangu ilitegemea dawati lile.

"Sawa, mwalimu."

Mhadhiri alipoiona ripoti safi, alisema msichana ameinunua. Msichana akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na mimi nikaitwa kueleza dawati linavyofanya kazi. Wakamuuliza nani amesahihisha.

"Mimi mwenyewe," akasema. Hakunitazama.

Wakampa karatasi aandike aya moja papo hapo. Mhadhiri aliichukua akaanza kuhesabu kwa sauti vijineno vilivyokosekana, akigonga meza kwa kila kimoja. Alipofika tisa nilishindwa kuvumilia.

"Ni mimi niliyesahihisha," nikasema. "Kalamu ilikuwa yangu. Nilimkataza kusema."

Nilidhani nimemwokoa. Mwenyekiti akavua miwani, akamgeukia msichana.

"Kwa hiyo umetudanganya."

Nikawaambia uongo ule nimempa mimi. Hilo hawakuliandika. Kwa ripoti peke yake, mwenyekiti alisema, angeandika upya tu. Kwa kuidanganya kamati, anasimamishwa masomo na ufadhili unakatwa. Mimi nikapewa onyo la barua na kuondolewa kwenye dawati, kazi na viza yangu vikahamishiwa maktaba. Nilitoka pale nikiwa na hasira na mhadhiri, na mwenyekiti, na zaidi ya wote na mimi mwenyewe, niliyekaa kimya hadi vijineno tisa.

Msichana akaja kunitafuta nyumbani kwangu, mtaa wa Abu Hamour, amebeba barua ya rufaa aliyoiandika kwa mkono. Akanipa kalamu pia. Hakuwa na kinyongo, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

"Mwalimu, weka nukta tu," akasema.

Nikaisoma kuanzia juu hadi chini. Baba yake fundi bomba. Miaka mitatu hapa. Kosa lake na kwa nini alilifanya, bila kunitaja popote. Vijineno karibu vyote havikuwepo. Hakuna sentensi hata moja ambayo sikuielewa.

Nikamrudishia kalamu.

"Ipeleke hivyo hivyo," nikasema.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, akanionyesha kwenye simu akiwa tayari amefunga masanduku. Mistari miwili ya kukataa, kila kijineno mahali pake.