Plau ya Nyota Arobaini

Nilipopata kazi ya ukarani kwenye kampuni ya kununua pamba pale Bariadi, kichwa kilinivimba hadi nikaanza kutembea polepole njiani ili watu wapate nafasi ya kuniona. Soko huria ndiyo kwanza lilikuwa limeanza. Kabla yake pamba yote ilikwenda chama cha ushirika, mkulima akaambiwa arudi wiki ijayo kuchukua hela zake, na hiyo wiki ijayo ilikuwa na tabia ya kuchelewa. Sasa mlango umefunguliwa, mji umejaa magari ya wanunuzi binafsi, kila gari na spika juu yake, linatangaza kwamba mkulima ni mfalme. Wafalme wenyewe walisikiliza wakiwa pekupeku, magunia begani.

Kampuni yangu (nilikuwa nasema "yangu", nisijifiche) ilikuja na kadi. Kadi ya kijani, karatasi ngumu, ina jina la mkulima na vijumba vidogo vidogo. Ukiwa nayo unachukua dawa ya kupulizia pamba kwa mkopo, unakatwa siku ya kuuza. Na kwa kila gunia la pamba safi unaloiuzia kampuni unagongewa nyota kwenye kijumba. Nyota tano, mche wa sabuni. Kumi, doti ya kanga. Thelathini, plau ya kukokotwa na ng'ombe. Plau moja nyekundu ilisimamishwa mlangoni mwa godauni, watu wakawa wanaigusa wakipita.

Mama yangu naye aliigusa. Alikuwa mjane, analima shamba lake kijijini kwetu upande wa Sola. Maksai wawili alikuwa nao, plau hana, anaazima kwa shemeji zake, wadogo wa marehemu baba. Na mwenye kuazima analima wa mwisho. Wenzake pamba imeshafika magotini, yeye ndiyo kwanza anapanda, halafu mvua inakatika wakati yake bado inatoa maua. Miaka nenda miaka rudi ni hivyo hivyo. Siku niliyomwandikia kadi yake aliniuliza swali moja tu, kwa Kisukuma chetu cha nyumbani: plau ikiwa ya kwake, atalima siku anayotaka mwenyewe? Nikamwambia, ndiyo, mayu, siku unayotaka.

Basi zikaanza barua za mabadiliko ya masharti. Ya kwanza iliandikwa, "Ndugu Mkulima Mpendwa, tuna furaha kukujulisha." Nilikuja kujua baadaye kwamba kampuni ikiona furaha, mkulima ashike mfuko. Furaha ile ilikuwa kwamba plau imepanda kutoka nyota thelathini hadi arobaini, "ili kuongeza hadhi ya zawadi." Plau yenyewe ni ile ile ya mlangoni, tena imeanza kuota kutu. Furaha ya pili ilikuwa ada ya kutunza kadi. Mzee mmoja akauliza kadi inatunzwa na nani, maana ya kwake anaitunza yeye mwenyewe, ndani ya kopo la majani ya chai. Nikamjibu kwamba huo ndio utaratibu. Akakaa.

Kazi ya kuzisoma barua hizo ilikuwa yangu. Zilikuja kwa Kiswahili cha ofisini, kirefu, nami nilitakiwa kuzigeuza Kisukuma mbele ya watu. Meneja wetu, aliyetoka Dar na kuvaa tai hata kwenye jua la saa nane, alinifundisha namna ya kufanya: "Ukiwasomea kila kitu watachanganyikiwa. Wape yale mazuri, yaliyobaki watayakuta mbele." Niliona ananiamini, nikafurahi sana.

Barua ya tatu ilikuwa na kurasa mbili na vifungu kumi na viwili. Watu walikaa uwanjani kwenye magunia yao. Nikaanza na kifungu cha mabati: atakayefikisha nyota mia atapewa mabati ya kuezeka. Wakapiga makofi. Nikakirudia kifungu cha mabati, wakapiga tena. Nilipofika cha kumi jua lilikuwa kali, wengine wameshaanza kusimama na kujipangusa vumbi. Cha kumi na moja kilikuwa kwa herufi ndogo: "Nyota zisizobadilishwa kuwa zawadi kabla ya msimu kufungwa zitahesabika kuwa zimerejeshwa kwa kampuni." Nilikiona. Sitadanganya kwamba sikukiona. Nikakiruka, kwa sababu niliona Kisukuma chake kitakuwa kirefu, na kwa sababu makofi yalikuwa bado yananipendeza. Kisha kila mtu akaweka dole gumba kwenye karatasi kuthibitisha kwamba amesomewa na ameelewa. Kidau cha wino nilikishika mimi, na dole la mama yangu nililikandamiza mimi.

Siku hiyo mama alikuwa na nyota arobaini na mbili, alizozikusanya kwa misimu kadhaa. Nikamtania, "Mayu, ubebe plau yako au nikubebee?" Akanivuta nyuma ya mizani.

"Nikiipeleka nyumbani sasa, baba zako wadogo wataiazima kabla sijaipumzisha chini. Nitaipata lini? Ikae kwenu huku mpaka mvua. Nimeiweka, kama ng'ombe."

Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote nyumbani, mahali ambapo kila ndugu mwenye shida anawaona. Mmoja unampeleka zizi la rafiki. Rafiki anakamua, anakunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wako mpaka siku utakapokuja na kamba. Kukiwa na jambo, ugonjwa au ndama, unaitwa, mnakaa, mnaongea. Nimekua nikinywa maziwa ya ng'ombe wa namna hiyo, kwa hiyo nilimwelewa vizuri kabisa. Kile kifungu cha kumi na moja kikanijia kichwani, nikakifukuza. Nilidhani mama wa karani hafutiwi nyota.

Msimu ukafungwa. Mawingu ya kwanza yalipojikusanya mama alifika Bariadi na maksai wake wawili na nira na mnyororo. Alikuwa ametembea nao toka jana yake, akalala njiani kwa watu, ili plau iende nyumbani ikikokotwa na maksai wenyewe. Mtunza stoo akaichukua kadi, akafungua daftari, akagonga muhuri mwekundu juu ya nyota zote: BATILI. Mama hakujua kusoma. Akanigeukia. "Anasemaje?"

Ikabidi nikitafsiri kifungu cha kumi na moja. Kwa Kisukuma hakikuwa kirefu. Kilikwisha kwa pumzi moja.

Nilikwenda kwa meneja nikilia. Akatoa ile karatasi, akanionyesha dole gumba la mama, halafu akanionyesha saini yangu chini yake. Akanipongeza pia: vituo vingine vilikuwa na maswali mengi, changu hakikuwa na swali hata moja. Akaniongeza mshahara.

Nikatoka mbio, nikamwambia mama nitamnunulia plau, nitalipa kidogo kidogo. Alikuwa anafunga mnyororo katikati ya nira, tayari kwa safari ya kurudi mikono mitupu.

"Sikuomba plau, mwanangu," alisema. "Niliilima."

Mwaka ule akaazima tena, akapanda wa mwisho tena. Mvua ikakatika pale pale inapokatikia. Nilipata aibu ambayo hata kanisani nilishindwa kuitaja, nikawa natuma sukari na sabuni nyumbani.

Msimu wa kuuza ulipofika alikuja kituoni na magunia mawili, moja la pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili isiyopata nyota. Asingeweza kwenda kwa mnunuzi mwingine, kwa sababu deni lake la dawa lilikuwa kwetu. Kifungu cha kulifuta hilo sikukiona kwenye barua yoyote. Alipanga foleni kama wengine wote. Zamu yake ilipofika nilisimama nyuma ya meza nikamsalimu kwa Kisukuma, kama tunavyoamkiana nyumbani, "Mwangaluka, mayu."

Mama yangu, ambaye tangu anizae hajawahi kunisemesha Kiswahili, alishusha macho na kuweka kadi mezani.

"Shikamoo, karani."

Na mdomo wangu, kabla sijauwahi, ukaitikia, "Marahaba."