Rangi ya Taa ya Mkalimani

Kazi yangu ilikuwa kusema "mimi" kwa niaba ya watu wengine. Nilikuwa mkalimani wa korti upande wa Maua, na mkalimani hasemi "mshtakiwa anasema aliiba." Anasema "niliiba." Kwa mdomo wangu nimekiri kuiba mbuzi, kupika chang'aa na kumpiga shemeji kwa mpini wa jembe, na kuna siku ambayo kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeshakana watoto wawili. Jioni nilirudi nyumbani nikala mukimo kama mtu asiye na doa.

Miaka hiyo pikipiki zilikuwa zimejaa milimani, na kila mwenye pikipiki aliipamba alivyoweza. Wengine walining'iniza vishada vya nailoni kwenye usukani, wengine waliandika jina la mchumba kwenye madigadi, na mchumba akibadilika wakapaka rangi juu yake. Kisha zikaja taa za utepe, zile ndogo ndogo zilizopangwa kwenye mkanda wa plastiki unaobandikwa chini ya tangi. Zangu nilizinunua Embu nilipokwenda kumwona dada yangu anayekaa huko, mtaa wa Majimbo. Fundi alizibandika, akaunganisha nyaya, akaziwasha.

"Hiyo ni rangi gani?" nikamwuliza.

"Grini, mkubwa."

"Mbona naona kama buluu?"

"Ni grini lakini imechangamka."

Nilikubali upesi, kwa sababu nilijua sheria, au tuseme nilijua kiasi cha kunifaa. Taa nyekundu haitakiwi kuangaza mbele. Buluu ni ya polisi na ambulensi. Kuhusu grini iliyochangamka sikuwa nimesikia mtu yeyote akishtakiwa. Wanabodaboda walikuwa wakinisimamisha sokoni kuniuliza kama taa zao zinaruhusiwa, maana mimi nilikuwa mtu wa korti, nami niliwajibu huku nimefunga mikono nyuma: "Ambacho sheria haijakataza, haijakataza." Waliondoka wameridhika kabisa.

Raha ya taa zile niliijua ukungu ulipoanza. Mwezi wa saba ukungu wa kwetu unashuka mpaka huoni gurudumu lako la mbele, na pikapu zinazokusanya miraa hukimbia ndani yake kana kwamba dereva anaona peke yake. Kabla ya taa zilikuwa zinanisukuma mtaroni mara moja kwa wiki. Baada ya taa, pikapu ndizo zilizoanza kunipisha. Asubuhi moja dereva alisimama kabisa, akashuka na leseni mkononi, akavua kofia. Nilimsalimia, nikamwuliza habari za nyumbani, nikaenda zangu. Sikumwambia mimi ni polisi. Sikumwambia mimi si polisi, pia. Nilicheka njia nzima hadi kortini.

Kwenye kona moja ya barabara hiyo nilipishana kila siku na pikipiki nyingine yenye taa kama zangu, imebeba mabunda ya miraa yaliyofungwa kwa majani ya mgomba. Tulizoea kuwashiana taa kwa salamu. Uso wa mwendeshaji sikuujua, kwa sababu ya helmeti na ukungu.

Nikaujua Jumatatu moja, kizimbani.

Nilimsomea mashtaka kwa Kimeru: kwamba alipatikana akiendesha pikipiki yenye taa ya buluu bila kibali. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, koti lake limekunjamana mabegani kwa kubeba mizigo. Alinitazama, akatabasamu.

"Muga," akanisalimia kwa sauti ya chini, kama wanavyosalimiana watu wanaojuana.

Nilijifanya natafuta karatasi.

Alikana shtaka. Pikipiki yake ilikuwa imekaa kituoni siku tisa, na kwa mbeba miraa siku tisa ni nyingi mno. Miraa ni mali ya siku moja. Ikilala, imekuwa fagio. Wakulima aliowachukulia mabunda walikuwa wameanza kuwapa wengine. Akipatikana na hatia, pikipiki ingerudi kituoni mpaka korti iseme vingine, na kufikia hapo njia yake ingekuwa ya mtu mwingine. Haya yote aliyaeleza kwa upole, nami nikayasema: "Nina watoto watatu, mheshimiwa, na wote wanakula kwa hiyo pikipiki." Sikuwa hata na mke wakati huo.

Hakimu wetu alikuwa mama aliyezaliwa pwani, na Kiswahili chetu kilimwumiza masikio. Mtu akisema "hii kitu," alifumba macho. Afisa wa trafiki aliyetoa ushahidi siku hiyo alimfumbisha macho mara nyingi.

"Mheshimiwa, hiyo taa ilikuwa inawaka buluu kabisa. Mimi mwenyewe nilitoka kwa barabara, nikafikiri ni mkubwa wangu anakuja. Nikapiga saluti."

"Ulipiga saluti?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Miraa ikapita."

Watu walicheka. Nami nilicheka, nikijua vizuri kwamba hata mimi afisa yule alikuwa amenipigia saluti mara mbili katika ukungu huo huo.

Hakimu akamgeukia mshtakiwa. "Unasema si buluu. Basi ni rangi gani?"

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Nyumbani kwetu buluu na kijani hazikuwa zimeachana vizuri. Nyanya yangu aliziita zote kwa neno moja, na ukimwuliza ni ipi kati ya hizo mbili, hakukutajia, alikuonyesha kitu. Shati la fulani. Mlango wa duka. Mshtakiwa naye alikuwa amelelewa na nyanya wa namna hiyo, kwa hiyo akaanza kutafuta kitu. Alitazama shati la afisa, akatikisa kichwa. Alitazama bendera iliyokuwa nyuma ya hakimu, akatikisa kichwa. Kisha akatazama dirishani.

Nje, chini ya mti wa mgrevilea, afisa alikuwa ameegesha pikipiki ya mshtakiwa iliyoletwa kama kielelezo. Kwa kuwa kivuli kilikuwa kidogo, aliiegesha ubavuni mwa yangu.

"Ni kama ya huyu anayetafsiri," akasema kwa Kimeru. "Ile pale. Tunapishana kila asubuhi."

Nilitafsiri. Siwezi kudai ulikuwa ushujaa, maana wazee waliokaa kwenye benchi la nyuma walikuwa Wameru watupu na walikuwa wameshaanza kunong'onezana.

"Ni kama ya mkalimani, mheshimiwa. Iko nje."

Hakimu akavua miwani. "Rudia."

Nikarudia. Akainuka, akatoka nje, nasi tukamfuata sote, afisa mbele na wazee nyuma. Aliamuru taa ziwashwe, yangu na yake. Akainama akazitazama muda mrefu, mikono magotini.

"Hii ni samawati," akasema.

Hakuna aliyelijua neno hilo. Kiongozi wa mashtaka alipekua faili lake kana kwamba angelikuta mle. Afisa akanivuta mkono akaniuliza, "Hiyo samawati iko kwa sheria?" Mshtakiwa naye akaniuliza kwa Kimeru hakimu amesema nini, nami kwa kukosa neno nikamwambia, "Amesema ni hii."

"Ndiyo hiyo," akakubali kwa furaha. "Mama anajua rangi."

Lakini tuliporudi ndani, mama hakuwa na utani tena. Alisema hataki kubishana habari ya jina la rangi. Taa ya polisi ina kazi yake, akasema, nayo ni kuwafanya watu wapishe. Kwa hiyo angependa kujua jambo moja tu. Aliniangalia mimi, kisha mshtakiwa.

"Mwulize. Watu walikuwa wakimpisha? Na kama walimpisha, ni kwa nini?"

Nilimwuliza. Alifikiri, akajibu bila chuki yoyote, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mtoni:

"Wananipisha kwa sababu wanadhani mimi ni huyu. Huyu ndiye wanayemwogopa. Kuna dereva nilimwona akisimama pale konani, akashuka na leseni, akavua kofia, akidhani ni polisi, na huyu akamwacha aamini hivyo. Tangu siku hiyo, taa ya rangi hii ikitokea, pikapu zinakaa kando."

Alisema kwa sauti ya chini sana. Wazee wa benchi la nyuma hawakusikia. Niliwaona wakitega masikio kwa viganja. Afisa alitoka Magharibi na Kimeru hakukijua, na hakimu kadhalika. Kwa hiyo katika chumba kile tulikuwa wawili tu tuliojua kilichosemwa, na mmoja wetu hakujua Kiswahili cha kutosha kujua nitakachosema.

Nilinyamaza. Mkalimani anaruhusiwa kunyamaza kidogo, watu hudhani anatafuta neno. Mimi nilikuwa natafuta kazi yangu. Mtumishi wa korti anayeacha adhaniwe polisi barabarani hafiki mwisho wa mwezi kazini. Na maneno yale ndiyo yaliyokuwa yanamtoa mwenzangu kizimbani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikikiri makosa ya watu.

"Mkalimani?" akaita hakimu.

"Wananipisha kwa sababu wanadhani mimi ni huyu," nikasema.

"Huyu nani?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Wewe mshtakiwa?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi mimi."

Nikayamaliza yote, leseni na kofia na kona. Kalamu ya hakimu iliandika muda mrefu baada ya mimi kunyamaza. Kisha akasema mshtakiwa ameonywa, aende na pikipiki yake, lakini taa zitolewe sasa hivi kabla hajaiwasha. Za mkalimani vilevile. Na mkalimani ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua, barua iwe mezani kesho saa mbili. Hatua niliyochukuliwa baadaye ilikuwa kupelekwa masijala kupanga mafaili, miezi mitatu, na sikulalamika.

Tukatoka nje. Yeye ndiye aliyekuwa na spana na bisibisi, amezifunga kwenye kitambaa chini ya kiti. Nilidhani ataanza na yake, maana ndiye aliyekuwa na haraka. Akapiga magoti kando ya yangu.

"Uliponyamaza mle ndani," akasema bila kuinua kichwa, "nilijua umeyaacha maneno yangu."

Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo wa siku hiyo.

"Nilikuwa nimeyaacha," nikamwambia. "Nilikuwa nimeshapata maneno mengine."

"Yapi?"

"'Sijui kwa nini wananipisha.'"

Alizungusha bisibisi mara mbili, tatu. "Hayo yangenimaliza."

"Yangekumaliza."

Hakukasirika. Alibandua utepe taratibu asichubue rangi ya tangi, akaukunja, akanikabidhi mkononi. Kisha akaniuliza, kama mtu anayetaka tu kujua kazi ya mwenzake inavyokwenda:

"Na wale wengine uliowasemea je?"

Nilitaka kumwambia hapana, haijawahi kutokea. Nikamkumbuka mama mmoja mzee aliyeshtakiwa kwa kukata ua wa jirani yake. Alisimama pale pale aliposimama huyu, akaongea karibu robo saa, akionyesha kwa mikono ua ulipokuwa tangu zamani, nani aliupanda, nani aliusogeza mumewe alipokufa. Alipomaliza akanitazama, akingoja. Nikamgeukia hakimu nikasema, "Sikuukata, mheshimiwa."

Alikuwa amesema mengi. Ilikuwa karibu saa saba, na mimi nilikuwa na njaa.