Wito wa Pili

Siku ya kwanza Damiani alipofika kwa Mzee Kitundu, walibishana hadi punda wakachoka kusimama. Damiani alikuwa mchuuzi wa Mkiwa. Alianza na mzigo mmoja wa chumvi kichwani, na sasa alikuwa na punda wanne na alizunguka milima ya Iramba akinunua nta. Nta safi kama ya mzee yule hakuwahi kuiona: ya manjano, haina takataka wala bawa la nyuki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Punda wako wamenisalimia kabla yako."

"Bonge hili nakupa kaniki moja na chumvi kibaba."

"Kaniki nimvishe nani? Mke nimezika, binti kaolewa Mkalama. Nipe chumvi vibaba vitatu."

"Viwili."

"Basi wapelekee nyuki hivyo viwili, uone kama watakutengenezea nyingine."

Vikawa vitatu. Damiani hakupenda kushindwa, ila alimheshimu mtu anayejua bei ya mali yake.

Kabla hawajafunga mizigo, mzee akasogea ukingoni, pale milima miwili ilipobanana hata mbuzi wa ng'ambo ukawaona masikio. Akaita, "Samweli!" Mawe yakamrudishia jina. Akageuka mara moja, akashika kamba ya mzigo kama mtu aliyepiga chafya tu.

"Samweli ndiye nani?"

"Mdogo wangu. Nyumba yake ile pale." Ng'ambo palikuwa na nguzo mbili na kichuguu. "Alikwenda kuchimba dhahabu Sekenke mwaka wa nzige. Huu ni wa tisa. Namwita kila asubuhi."

"Na hapa mnapaitaje? Bonde?"

"Bonde ni kule chini. Hapa ni itikilo."

Damiani akauliza neno hilo limetoka wapi. Si kwamba alipenda maneno. Alijua tu kwamba anayeita kitu kwa jina la wenyeji hapunjwi ovyo.

"Babu zetu walipogawana milima hawakupima kwa hatua," mzee akasema. "Walipima kwa sauti. Mmoja alisimama huku, mwenzake kule, wakaitana. Wasiposikizana, hilo ni bonde. Wakisikizana, ni itikilo, pahali pa kuitikiana, na ni mali ya nyumba hizo mbili, maji na miti ya mizinga. Wito wa kwanza huitikwa na mawe. Mtu huitika wa pili."

"Na pasipo wa kuitika?"

"Panarudi kuwa bonde. Mtemi humpa amtakaye."

Mwaka uliofuata Damiani alimkuta mzee hana hamu hata ya kubishana. Leonidas, mwenye ng'ombe wengi kule chini, alikuwa amepeleka shauri kwa mtemi: ng'ambo ya Kitundu hakuna mtu, kwa hiyo pale ni bonde, naye anataka maji yake. Boma la Waingereza nalo lilikuwa limeagiza kila mtemi amalize ugomvi wa maji kabla ya kiangazi. Wazee wa baraza wangekuja mtama ukishavunwa, wasikilize wito kwa masikio yao. Asipoitikwa, mizinga arobaini na miwili ingeondoka mikononi mwa Kitundu.

Damiani alifikiri kidogo. Nta ile haikuwa na mfano.

"Lazima aitike Samweli?"

"Lazima aitike mtu mwenye paa na moto. Ukoo hawaulizi."

Damiani akatafuta vibarua wawili, wakasimamisha kibanda penye zile nguzo, wakaezeka. Akawasha moto, akakaa humo mwezi mzima, punda wakinenepa bure. Jioni moja mzee alipaza sauti kutoka kwake, "Uji wako unanuka kuungua hadi huku!"

"Unanusa nini, na hukualikwa?"

Mzee alicheka peke yake kwa muda mrefu, kicheko cha mtu aliyekuwa amesahau kinavyochekwa. Lakini Damiani aliposema wafanye mazoezi ya wito, mzee alikasirika. "Unifundishe kuita kwenye itikilo langu?"

Siku ikafika. Wazee sita wakaketi upande wa Kitundu, Leonidas nyuma yao. Ng'ambo, Damiani alisimama mlangoni mwa kibanda, moto ukifuka. Mzee akasogea ukingoni, akaweka viganja mdomoni.

"Samweli!"

Mawe yakaitika. Damiani akavuta pumzi akingoja wito wa pili. Kisha akamwona mzee anageuka na kuondoka ukingoni, mkono ukitafuta kamba ya mzigo ambao siku ile haukuwapo. Miaka kumi aliita mara moja na kugeuka. Miguu ilifanya ilichozoea.

Damiani alibaki mdomo wazi. Kuitika wito wa kwanza ni kuitika kama jiwe. Wazee wakangoja. Mzee alipokumbuka na kurudi mbio ukingoni, mkubwa wao alikuwa amekwisha inuka.

"Wito haurudiwi, Kitundu. Umeita mwenyewe, umegeuka mwenyewe."

Pakawa bonde, akapewa Leonidas.

Damiani hakupoteza muda wa kusikitika. Jioni ile ile alimfuata Leonidas. "Umepata bonde, si itikilo. Mwakani atakuja mwenye ng'ombe wengi kuliko wewe, naye atauliza nani anakuitika. Ile nyumba ya ng'ambo ni yangu."

"Unataka nini?"

"Mizinga ishirini kwa Kitundu. Atahamia kule, atakuitika."

"Minane."

Wakakutana kumi na miwili. Leonidas akapata maji na mizinga thelathini. Damiani akapata nta ya mizinga kumi na miwili badala ya arobaini na miwili, na kibanda kikamtoka bure. Kitundu akapoteza upande wake wote, akahamia penye nguzo za mdogo wake.

Leonidas huita mara moja kwa mwaka, wazee wanapopita: wito wa kwanza, kisha wa pili, na mzee huitika vizuri kabisa. Siku nyingine zote, Damiani akipita na punda wake asubuhi, humkuta ameketi mlangoni, uso kule alikotoka, akingoja aitwe.